Gari Lenye Kiu

Zamani gari dogo lilikuwa kitu cha idara, cha tajiri au cha misheni. Siku hizi, katika kota za askari na polisi wa Uganda, si ajabu kuiona saluni ya Kijapani imesimama baina ya kamba ya nguo na jiko la makaa, nayo ni mali halali ya sajini au konstebo aliyeinunua kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, akawa anakatwa mshahara mwezi hata mwezi mpaka deni liishe. Wanajeshi wanacho chama chao cha Wazalendo, polisi wanacho cha Exodus, na walimu na wauguzi wanavyo vyao. Gari hilo huwapeleka watoto shule, humfikisha mgonjwa hospitali usiku wa manane, na siku ya mapumziko huenda kijijini kuleta ndizi na viazi. Kwa hiyo likiharibika, haliharibiki peke yake.

Jambo linalostaajabisha ni hili. Dereva wa lori la kikosi hawashi lori asubuhi kabla ya kufungua boneti. Ndivyo alivyofundishwa tangu alipokuwa kuruta katika kozi ya udereva: atazame maji, atazame oili, aubonyeze mkanda wa feni, apime tairi, ainame aangalie chini kama kuna kilichovuja, kisha aandike katika kitabu cha gari na kutia sahihi yake. Asipofanya hivyo, na lori likaungua injini njiani, atajibu mashtaka mbele ya mkuu wake. Lakini mtu huyo huyo akirudi nyumbani huingia katika gari lake mwenyewe, ambalo hata hajamaliza kulilipia, akatia ufunguo na kwenda zake, na huenda ukapita mwezi mzima boneti haijafunguliwa. Mali ya serikali hukaguliwa kila siku. Mali ya watoto wake huachiwa Mungu.

Katika vyote vinavyosahauliwa, maji ndiyo yenye kisasi cha haraka. Petroli inapoungua ndani ya silinda, si joto lote linalogeuka kuwa mwendo. Yapata theluthi moja ya joto hilo huingia katika chuma cha injini, na sharti iondolewe, ama sivyo chuma kitapinda. Kazi hiyo hufanywa na maji. Pampu huyasukuma kuizunguka injini, yakachukua joto, yakaingia katika rejeta mbele ya gari, upepo na feni vikayapoza, yakarudi tena kazini. Katika gari dogo maji hayo ni lita tano, sita au saba tu, nayo huenda na kurudi bila kupumzika kuanzia nyumbani mpaka mwisho wa safari.

Kifuniko cha rejeta nacho si kizibo tu kama kizibo cha chupa. Ndani yake mna springi na mpira, na kazi yake ni kuyashikilia maji kwa shinikizo ili yasichemke mapema. Akina mama wa milimani wanafahamu kwamba maharage huko hukawia kuiva kuliko yanavyokawia bondeni. Sababu yake ni kwamba kadiri mahali palivyo juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto lililo dogo zaidi. Pwani huchemka kwa nyuzi 100. Kampala, iliyo kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa karibu nyuzi 96. Na Kabale huchemka kwa kiasi cha 94. Injini yenyewe hufanya kazi vyema baina ya nyuzi 80 na 95 hivi. Basi gari lenye kifuniko kilicholegea laweza kutembea mjini mwaka mzima bila kulalamika, likaja kuchemka siku ya kwanza linapopanda Kigezi. Kifuniko kizima huyawezesha maji kupita nyuzi 110 bila kuchemka, na kukinunua kipya si jambo la kwenda kuombea mkopo.

Yafaa hapa kuusimulia mkasa wa sajini mmoja wa Kampala, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila kosa ambalo mwenye gari huweza kulifanya.

Mwezi mmoja kabla ya mkasa huo mshale wa joto katika gari lake ulikuwa ukipanda kidogo kila alipokwama katika foleni ya magari. Mkewe naye, alipokuwa akifagia uwanja asubuhi, alikuwa ameona jambo.

"Baba watoto," alimwambia, "pale lilipolala gari pana doa la kijani. Na jana lilikuwapo."

"Hayo ni maji ya kipoza hewa, mama watoto. Kila gari hutoa."

Ni kweli kwamba kipoza hewa hudondosha maji chini ya gari, nayo hayana dhara lolote. Lakini maji hayo ni meupe kama ya mvua. Doa la kijani, jekundu au la waridi ni maji ya rejeta yenye dawa yake; doa jeusi au la hudhurungi lenye utelezi ni oili. Mama huyo hakuwa na leseni ya udereva, lakini alikuwa na macho.

Sajini alilipeleka gari kwa fundi mmoja wa kando ya barabara. Fundi alifungua bomba moja, akatoa kidude cha shaba chenye springi, akakitupa katika ndoo ya vyuma chakavu.

"Hicho ni kitu gani, fundi?"

"Themostati, afande. Ni ya nchi za baridi. Hapa kwetu jua lipo mwaka mzima, haina kazi."

Maneno hayo husemwa katika gereji nyingi za Afrika Mashariki, na huaminiwa kwa sababu yana sura ya akili. Ukweli ni mwingine. Themostati ni bawabu wa maji. Injini ikiwa baridi huifunga njia ya rejeta ili maji yapate moto upesi. Yakifika nyuzi 80 na ushei huifungua. Ikiondolewa, injini hukaa baridi mno katika mwendo mwepesi, kompyuta ya gari hudhani kwamba injini ndiyo kwanza imewashwa, ikazidisha petroli, na unyevu ambao ungekaushwa na joto hubaki ndani ya oili. Hiyo ni hasara ya polepole, ya mfukoni. Iko na ya pili iliyo kali zaidi. Katika injini nyingi za Kijapani themostati ina kisahani kingine kwa nyuma, ambacho injini ikishapata moto huziba njia ya mkato. Themostati ikitupwa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi injini moja kwa moja bila kuiona rejeta. Mtu akiwa tambarare hatambui chochote. Mlimani, gari likiwa limejaa watu na mizigo, ndipo hutambua. Hivyo kitu kilichotolewa ili gari lisichemke ndicho kinacholichemsha.

Baada ya wiki chache ikaja habari kwamba baba mzazi wa mke huyo amefariki huko Kabale, na maziko yamepangwa Jumamosi saa tisa alasiri. Sajini alikuwa zamu usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa hiyo waliondoka Kampala saa moja asubuhi, yeye, mkewe, watoto watatu na magunia mawili ya mchele wa matanga. Masaka wakapita, Mbarara wakapita, na mshale ulikuwa chini kabisa, jambo lililomfurahisha sajini, akaisifu kazi ya fundi wake. Walipoiacha Ntungamo barabara ikaanza kupanda. Mshale nao ukapanda, ukafika nusu, ukapita nusu, ukagusa alama nyekundu. Kisha kwa ghafla ukaanguka.

"Unaona?" alisema sajini. "Limepoa lenyewe."

Mwenye gari na akumbuke vizuri jambo hili, maana halimo katika hekima ya kawaida. Kipimo cha joto hukaa ndani ya maji. Maji yakiisha, kipimo hubaki hewani, na mshale huweza kushuka wakati chuma kinaungua. Mshale ulioanguka ghafla baada ya kupanda si habari njema hata kidogo. Hali kadhalika, magari kadhaa madogo ya siku hizi, kama Passo na Vitz, mengi yao hayana mshale kabisa. Yana taa tu, ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi moto, na taa nyekundu ikiwaka haisubiri mtu afike kwenye kituo cha mafuta kinachofuata.

Gari lilikwenda dakika chache likigonga kama mtu anayetwanga, likakosa nguvu, likazima. Sajini akashuka, akafungua boneti, mvuke ukampiga usoni, akavua shati apate kukishika kifuniko. Hapo lori lililokuwa likielekea mpakani Katuna likasimama nyuma yake, na dereva wake, mtu mzima wa Mombasa, akaja mbio.

"Wacha! Wacha hicho kifuniko, ndugu yangu! Kitakubabua mpaka mama asikujue."

"Nataka kutia maji."

"Utatia, lakini si sasa. Kaa kitako kwanza. Na hao watoto waondoe hapo mbele."

Dereva huyo alisema kweli. Maji yaliyo chini ya shinikizo, kifuniko kikifunguka, hugeuka mvuke papo hapo na kuruka mpaka usoni. Yapasa kungoja nusu saa au zaidi, mpaka bomba la juu la rejeta liweze kushikwa kwa mkono. Kisha kifuniko kifunikwe kwa kitambaa kizito na kuzungushwa robo tu, pumzi itoke yote, ndipo kifunguliwe. Wala maji baridi hayamiminwi katika injini yenye moto, kwani chuma kitapasuka kama glasi iliyotiwa chai. Hutiwa kidogo kidogo baada ya injini kupoa. Na kama mtu aliona mshale ukipanda mapema, kabla ya alama nyekundu, liko jambo moja linaloweza kumfikisha mahali pa kusimama salama: azime kipoza hewa, afungue madirisha na kuwasha kipasha joto cha ndani kwa nguvu zake zote. Abiria watatoka jasho, lakini joto hilo litakuwa limetolewa katika injini.

Kwa sajini mambo hayo yalikuwa yamepitwa na wakati. Dereva wa Mombasa alichomoa kijiti cha oili, akakionyesha bila kusema neno. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yamekwisha kuingia humo. Uso wa juu wa injini, ambao katika magari haya ni wa alumini, umepinda, na gasketi yake imekatika. Dalili nyingine za ugonjwa huo ni moshi mweupe mzito usiokoma kutoka ekzosi, na mapovu ndani ya rejeta injini ikiwa inazunguka.

Magari ya abiria yalipita yamejaa, ilikuwa Jumamosi. Walipopata la kuwachukua na kufika nyumbani kwa marehemu ilikuwa saa kumi na moja. Kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa.

"Shemeji," alisema kaka wa yule mama, "tuliwangoja mpaka mvua ikaanza kunyesha."

Hakuna aliyesema zaidi ya hapo. Gari lilivutwa mpaka Mbarara, na gharama za kulivuta, kuchonga uso wa injini, kununua gasketi, oili na themostati mpya zilipita makato ya mkopo ya miezi mitano. Fundi wa Mbarara ndiye aliyegundua chanzo: pampu ya maji ilikuwa ikivuja tangu mwanzo, polepole, tone kwa tone. Doa la kijani lilikuwa limesema kweli.

Huenda mtu akauliza kwa nini maji ya gari yawe na rangi. Magari mengi ya Uganda hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huko, nchi yenye theluji, na dawa iliyo ndani yake huyazuia maji yasigande. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba dawa hiyo nayo ni ya nchi za baridi, wakaimwaga na kutia maji ya bomba, ya kisima au, Mungu apishe mbali, ya kinamasi kilicho kando ya barabara. Lakini dawa hiyo ina kazi ya pili inayofaa zaidi katika nchi ya jua: huzuia kutu, hulinda mpira wa pampu, na huongeza joto ambalo maji huchemkia. Maji matupu huila alumini, na maji ya visima vyenye chokaa huacha ukoko ndani ya vijibomba vya rejeta, ule ule unaoonekana katika birika la chai. Mchanganyiko unaofaa kwa kawaida ni nusu dawa na nusu maji safi yasiyo na chumvi, kama yale yanayouzwa kwa betri. Dawa za rangi na aina mbalimbali zisichanganywe ovyo, kwani baadhi yake zikikutana huganda kama uji.

Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Hata hivyo gari la miaka 12 ni mzee pia. Mabomba yake ya mpira yamekauka, na yakifinywa hulia kama karatasi. Ni vema mnunuzi ayafinye kabla ya kulipa, badala ya kuvutiwa na redio.

Kuhusu dawa za kienyeji, haki itendeke. Sabuni ya mche ikisuguliwa penye tundu dogo la tangi la petroli yaweza kumfikisha mtu mjini, na si ya kudharauliwa. Lakini yai bichi lililovunjwa ndani ya rejeta ili lizibe tundu huziba pia vijibomba visivyo na tundu, na harufu yake hubaki garini kuliko deni.

Liko jambo moja ambalo katika mambo haya yote ndilo zito kuliko injini, nalo ni la ndani ya nyumba. Dawa ya rejeta iliyozoeleka hutengenezwa kwa etilini glaikoli. Ni tamu, ina rangi nzuri kama soda, nayo ni sumu. Fundi akija kufanya kazi uwanjani huikinga ndani ya karai, na iliyobaki hutiwa katika chupa ya soda na kuwekwa chini ya kitanda au penye dirisha la jiko. Mtoto hajui kusoma chupa, anaijua rangi. Kiasi kidogo tu chaweza kumharibu mafigo na kumwua. Mwanzoni ataonekana kama mlevi, atayumba, huenda akatapika, kisha aonekane amepata nafuu, na nafuu hiyo ni ya uongo. Mtoto aliyeonja dawa hiyo apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama anacheza, na chupa yenyewe ichukuliwe ili mganga aione. Asitapishwe kwa nguvu. Dawa ikae katika chombo chake cha asili, juu, penye kufuli. Na iliyomwagika uwanjani ioshwe kwa maji mengi, kwani mbwa nao huipenda.

Aliyebabuliwa na mvuke au maji ya rejeta atiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, avuliwe nguo isiyogandamana na ngozi, kisha aende kwa mganga. Dawa ya meno, majivu na mafuta ya kupikia havina kazi hapo, ila kumwongezea daktari taabu ya kusafisha.

Katika nyumba ya sajini yule sasa kuna daftari la shule la kurasa 48, limetundikwa kwa uzi nyuma ya mlango. Ni kitabu cha gari, sawasawa na kile cha lori la kikosi, isipokuwa mwandishi wake ni binti aliye darasa la sita, na mkaguzi ni mama yake. Kila Jumamosi asubuhi, kabla injini haijawashwa, chupa ya akiba ya maji hutazamwa, na kilichopungua hujazwa kwa kikombe na kuandikwa. Kwa wiki tisa mstari ulikuwa ni mmoja: hakuna. Wiki ya kumi binti aliandika robo kikombe. Wiki ya kumi na moja, nusu kikombe. Baba yake alisema huenda ni joto la siku hizi. Mama yake akamwonyesha ukurasa, akamnyoshea na bisibisi. Sajini akatandika gunia, akaingia chini ya gari, akakuta kibano cha bomba la chini la rejeta kimelegea, akakikaza mizunguko miwili.

Binti akaandika pembeni: Baba amekaza. Jumamosi iliyofuata akaandika: hakuna.